Mjue Ndege Adimu: Mgeni wa Vichakani Kutoka Basra

Mvua za vuli zinapoanza Ukambani, ndege wengi wasafiri hupita eneo letu usiku wakitoka kaskazini. Mmoja wao ni ndege wa matete wa Basra, aliye katika orodha ya kimataifa ya ndege wanaokabiliwa na hatari ya kuangamia. Mgongo wake ni wa rangi ya kahawia iliyofifia, tumbo jeupe, mdomo mrefu na mwembamba.

Kwa nini ni adimu? Huzaliana hasa katika vinamasi vya kusini mwa Iraki, na sehemu kubwa ya vinamasi hivyo ilikaushwa miaka ya 1990.

Tunajuaje kwamba hupita huku? Huko Ngulia, Tsavo Magharibi, kusini mashariki mwa Makindu, watafiti wamekuwa wakinasa ndege kwa nyavu na kuwavisha pete zenye namba tangu 1969. Usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, taa za hoteli huwavuta ndege hao, na huyu wa Basra humo.

Mwananchi afanye nini? Ndege huyu hula wadudu na hujificha katika vichaka vizito. Unapotayarisha shamba, bakiza vichaka kando ya mto na mipakani, wala usivichome. Ukiokota ndege aliyekufa mwenye pete, andika namba, tarehe na mahali, kisha uyajulishe Makavazi ya Taifa, Nairobi. Vinamasi vya Iraki viko mbali nasi, lakini vichaka vya Makindu ni vyetu kuvitunza.