RADI: TUTAYARISHE BOMA KABLA YA MASIKA



Mwezi wa Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilipiga kisiwa cha Mafia, Tanzania. Huenda wengine wenu mlijiuliza kama kinaweza kufika kwetu. Vimbunga vya bahari havifiki huku milimani. Lakini Kisii na Nyamira tuna hatari yetu, nayo haitangazwi redioni siku tatu mbele. Ni radi.

Mchana jua likipasha nchi moto, upepo wenye unyevu hutoka Ziwa Victoria, hupanda milima yetu na kukutana na upepo wa mashariki. Hewa hiyo hupanda juu sana ikawa mawingu mazito. Ndiyo sababu asubuhi kuna jua zuri, na ikifika saa nane au saa tisa mnasikia ngurumo upande wa Manga. Basi mkutano wa kikundi unaofanywa saa nane chini ya mkaratusi umewekwa saa mbaya na mahali pabaya. Kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, kutaneni saa tatu asubuhi. Wachuma chai nao waanze mapema, na gunia lisipojaa, liache lilivyo.

Ndani ni afadhali kuliko shambani, lakini si kila nyumba ni salama. Mwezi wa Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya msingi ya Runyanya, Uganda. Mwezi wa Machi 2018, waumini 16 waliuawa kanisani huko Nyaruguru, Rwanda. Hao wote walikuwa chini ya paa. Mabati hayaiiti radi, kama wengine wanavyosema. Shida ni kwamba ikipiga paa lisilo na waya wa kuipeleka ardhini, hujitafutia njia kupitia ukuta na watu.

Kinga ya radi ni chuma kirefu juu ya paa, waya mnene wa shaba ukishuka nje ya ukuta, na vyuma vilivyozikwa ndani kabisa penye udongo wenye unyevu. Ni kazi ya fundi anayeijua, kwa sababu waya uliokatika njiani ni hatari. Bei yake si ya boma moja. Tunaonelea kikundi kianze na shule au kanisa, penye watu wengi.

Nyumbani, chomoeni redio, televisheni na chaja ya simu mawingu yakianza kukusanyika. Msiegemee ukuta wala kusimama mlangoni kutazama mvua, jambo ambalo sote tunalipenda. Msifungie ng'ombe chini ya mti au kwenye waya wa ua: radi husambaa ardhini, ikaingia kwa miguu ya mbele na kutokea ya nyuma. Pia pigilieni misumari mabati yaliyolegea, kateni matawi yaliyoinamia nyumba, zibueni mitaro.

Ukiona umeme, hesabu mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Isipofika 30, ingia ndani, na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wengine hupigwa mvua ikiwa imepungua, wakienda kufungua ng'ombe.

Mtu akipigwa, mguseni! Mwili wake haubaki na umeme. Huenda moyo wake umesimama, na hapo kila dakika ina kazi. Mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari la hospitali. Akina mama na vijana wote wajifunze hili. Mwiteni mhudumu wa afya awaonyeshe.

Jambo lingine ni gumu kulisema, lakini tulisemee. Radi ikiua mtu, wako wanaoanza kunong'ona kuwa mzee fulani au mama mjane fulani ndiye aliyeituma. Mwaka 2021 akina mama wanne wazee waliuawa Marani kwa kushukiwa uchawi tu. Radi inatoka kwenye mawingu yale yale yanayotunyeshea mahindi.

Ya kujadili kikundini: Ni nani kati yetu huchunga ng'ombe mchana, na akisikia ngurumo atakimbilia wapi? Ni boma gani lina mzee anayeishi peke yake, na nani atampitia kabla mvua haijaanza?