Chujio la Hamoniki Linalojifunza: Fanya Hivi, Usifanye Hivi

Haya ni kwa mhandisi na fundi anayetaka kufunga chujio la hamoniki linaloongozwa na mtandao wa nyuroni, iwe kiwandani, hospitalini au kwenye jengo la ofisi. Hayana upole, maana chujio lililofungwa ovyo huongeza uchafu uleule lililoletwa kuuondoa.

Pima kwanza, na upime wiki nzima. Kiwango cha IEEE 519 huhukumu kwa takwimu za siku na za wiki. Kipimo kimoja cha saa nne asubuhi hakisemi chochote kuhusu zamu ya usiku.

Usitumie mita isiyopima RMS halisi. Mita ya namna hiyo huchukulia kwamba wimbi ni sine safi. Kwenye waya unaolisha kompyuta na taa za LED itakusomea pungufu, nawe utaondoka ukiamini waya haujazidiwa.

Pima nyutro pia. Hamoniki ya 3, yaani Hz 150 kwenye umeme wetu wa Hz 50, haifutiki ikifika kwenye nyutro. Ya fezi zote tatu hujumlishwa, na mkondo wa nyutro unaweza kufika mara 1.7 ya ule wa fezi. Basi usinunue chujio la nyaya tatu kwa jengo lililojaa kompyuta. Halina njia ya kuigusa nyutro, hata lingekuwa na akili kiasi gani.

Usiongeze kapasita bila hesabu. Chukua transfoma ya kVA 1,000 yenye impidansi ya asilimia 5. Nguvu yake ya shoti ni kVA 20,000. Ukifunga kapasita za kVAr 400 ili kurekebisha pawa fakta, gawanya: unapata 50, na kipeuo chake cha pili ni 7.1 hivi. Hapo saketi itaitikia karibu kabisa na hamoniki ya 7, ambayo kila rektifaya ya mapigo sita huizalisha. Kapasita zitachemka, zitavimba, na lawama itaangukia chujio. Funga kwanza koili za asilimia 7, zinazoshusha mwitikio hadi Hz 189, ndipo tuzungumze habari za nyuroni.

Anza na ADALINE, mtandao wa nyuroni wa tabaka moja. Widrow na Hoff waliitoa mwaka 1960, na mpaka leo sioni sababu ya kuiruka. Unailisha sine na kosine ya kila hamoniki, nayo inarekebisha uzito wa kila moja hadi kosa lipungue. Uzito huo ndio ukubwa wa hamoniki yenyewe, kwa hiyo wa 5 ukipanda unajua kilichopanda. Mtandao wa tabaka nyingi uliofundishwa kwa data ya kiwanda cha saruji hauwezi kukueleza hivyo, na ukiuhamishia kiwanda cha maziwa utabahatisha.

Usiache hamoniki nje ya orodha. Ukiweka ya 5, 7, 11 na 13 peke yake ilhali mzigo una ya 3 na ya 9, hizo ulizoziacha zitaingia kwenye kosa na kuutikisa uzito wa zile ulizoziweka.

Usiwe na pupa na kasi ya kujifunza. Kanuni iliyosawazishwa ya Widrow na Hoff hubaki imara kati ya 0 na 2. Ukomo huo si shabaha: kaa chini ya 1, na uanzie chini zaidi. Volteji ikiporomoka ghafla au inveta ikifika kikomo cha mkondo wake, simamisha kujifunza mpaka hali itulie.

Fuatilia masafa halisi. Jenereta ikishika kazi, Hz 50 huwa jina tu.

Hesabu ucheleweshaji. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri hufia. Mikrosekunde 100 kati ya kupima na kusukuma mkondo ni nyuzi 9 kwa hamoniki ya 5, lakini kwa ya 13 ni zaidi ya nyuzi 23. Kwa nyuzi 9 inabaki asilimia 16 hivi ya hamoniki uliyotaka kuifuta. Kwa nyuzi 23, asilimia 40. Zikipita 60, chujio linaongeza. Kwa kuwa ADALINE inazijua hamoniki mojamoja, sogeza mbele kila moja kwa nyuzi zake. Usiiachie inveta ya kasi zaidi kazi ambayo mistari michache ya programu ingeimaliza.

Hakikisha CT imetazama upande wake. Ikigeuzwa, chujio litasukuma kile linachotakiwa kukifuta. Usiseme mtandao "utazoea".

Usifungue kasha mara tu baada ya kuzima. Kwenye umeme wa volti 400, kapasita za ndani hubeba volti 700 hadi 800 za DC. Subiri dakika zilizoandikwa kwenye kifuniko, kisha pima mwenyewe.

Usitie saini ya kupokea kazi kwa grafu ya simulesheni. Dai vipimo viwili kwenye sehemu mteja anapoungana na gridi, kimoja chujio likiwa limezimwa na kingine likiwa linafanya kazi, kwa mzigo uleule. Kwa umeme usiozidi volti 1,000, IEEE 519 hairuhusu jumla ya upotoshaji wa volteji kupita asilimia 8. Ikipita, mkandarasi arudi kazini, na malipo yasubiri.