MAS'ALA YA MZAZI ANAYEOGOPA CHANJO

Jua, ewe ndugu, ya kuwa mwezi wa Septemba 2023 watoto wa mkoa wa Kigoma, Kibondo na Kasulu zikiwamo, walipewa matone ya kuzuia polio, kwani ugonjwa ulikwisha onekana Rukwa na katika nchi jirani ya Burundi. Na polio ikishampooza mtoto, hapana dawa ya kumrudishia mguu wake.

Mas'ala: Mzazi akikataa kwa khofu, tabibu aseme naye vipi?

Jawabu: Kwanza amsalimu, amwulize khofu yake, amsikilize mpaka mwisho, wala asimcheke. Muhaa aelezwe kwa Kiha. Pili amwambie kweli yote: chanjo nyingine, kama ile ya surua ya miezi 9 na 18, huweza kuleta homa. Mwenye kuificha homa, siku itakapotokea hasadikiwi tena. Tatu asimkaripie, bali amwachie mlango wa kurudi.

Na baba naye ajue ya kuwa mtoto ni amana. Mtume (s.a.w.) amekataza kuingia nchi yenye tauni, basi kinga ina asili katika sharia. Kuuliza ni haki ya baba. Lakini kumnyima mtoto kinga kwa uvumi wa barazani ni kumdhulumu asiyeweza kujisemea.

Wallahu aalam.