Mkahawa wa Kale na Kiti cha Magurudumu: Somo kwa Wakazi na Wenye Biashara

Mtu anayetumia kiti cha magurudumu anapoalikwa chai, swali lake la kwanza mara nyingi si bei wala vitafunio. Ni kama ataweza kuingia. La pili, ambalo wengi huona haya kulitaja mbele ya watu, ni kama kuna choo atakachoweza kukitumia. Asipopata jibu, huchagua moja kati ya mawili: abaki nyumbani, au aende akakae saa mbili bila kunywa chochote. Mkahawa ambao mgeni wake anaogopa kunywa chai bado haujamkaribisha, hata kama umempa meza.

Taabu hii huonekana zaidi katika majengo ya kale, yenye ngazi za mawe, vizingiti virefu na vyoo vya uani. Wenye majengo hayo husema hawawezi kubadilisha kitu kwa sababu ni turathi. Somo hili linaonyesha kwamba mara nyingi jibu hilo si kamili. Linaanza na mfano mmoja kutoka Uskoti, kisha linaeleza vipimo ambavyo mwenye hoteli, fundi au mkazi yeyote anaweza kuvichukua kwa tepu.

Mfano wa Glasgow

Mwaka 1903 mkahawa uitwao Willow Tea Rooms ulifunguliwa katika barabara ya Sauchiehall, mjini Glasgow. Mwenyewe alikuwa Kate Cranston, mfanyabiashara aliyefungua mkahawa wake wa kwanza wa chai mjini humo mwaka 1878. Msanifu majengo Charles Rennie Mackintosh alibuni sura ya jengo pamoja na viti na meza zake, naye mkewe, msanii Margaret Macdonald, alichangia mapambo. Mwaka huohuo wa 1903 ndipo miche ya kwanza ya chai ilipopandwa Limuru, na leo Uingereza ni miongoni mwa wanunuzi wa majani chai ya Kenya.

Mikahawa ya chai ya wakati huo ilikuwa na kazi kubwa kuliko kuuza kinywaji. Haikuuza pombe, na wanawake waliweza kuketi humo kwa heshima bila kusindikizwa na mwanamume, jambo ambalo halikuwezekana katika baa. Kwa hiyo ilistawi kwa kuwafungulia mlango watu waliokosa mahali pa kuketi mjini. Anayesema leo kwamba kumwekea rampu mtu mwenye ulemavu ni kuvunja historia ya mkahawa wa aina hii, historia yenyewe inampinga.

Jengo la Willow linalindwa na sheria katika daraja A, ambalo ni la juu zaidi Uskoti. Mwaka 2014 lilinunuliwa ili lihifadhiwe, likakarabatiwa, na mwaka 2018 likawapokea wateja tena. Jengo la jirani liliingizwa katika mradi huo. Hapo kuna funzo kwa yeyote mwenye jengo la kale: vitu vya kisasa vinavyohitaji nafasi, kama lifti na choo kipana, si lazima vibanwe ndani ya vyumba vya thamani. Vinaweza kuwekwa kwenye nyongeza ya nyuma au jengo la pembeni, na vyumba vya kale vikabaki vilivyo.

Kuna funzo la pili. Chumba kinachosifiwa kuliko vyote katika mkahawa huo, Salon de Luxe, hakiko chini bali kwenye orofa ya kwanza. Katika jengo la namna hiyo, mgeni akiishia vyumba vya chini atakuwa amepata chai lakini amekosa kile alichokifuata. Kufika kwenye jengo hakujakamilika mpaka mtu afike penye jambo lenyewe.

Maswali ya kuuliza kwa simu

Swali "Je, mahali penu panafikika?" halisaidii. Jibu lake mara nyingi ni "Karibu tu, vijana watakubeba." Kubebwa ni hatari kwa anayebebwa na kwa wanaombeba, na hakuna mtu mzima anayependa kuinuliwa mbele ya wateja kama gunia. Tena kiti cha umeme peke yake, bila mwenyewe, kinaweza kuzidi kilo 100. Ni heri kuuliza mambo yanayojibiwa kwa nambari:

1. Kutoka gari linaposimama hadi mlangoni, njia ni ya saruji, changarawe au mawe?
2. Mlangoni kuna ngazi ngapi, na kila moja ina kimo cha sentimita ngapi?
3. Mlango ukifunguliwa wote, nafasi ya kupita ni sentimita ngapi?
4. Choo kiko orofa gani, na mlango wake una upana gani?
5. Kama mlango wa kiti ni mwingine, uko wapi, na nani anaufungua?

Mhudumu asiyejua majibu aombwe kupima. Dakika tano za tepu humwokoa mgeni nauli ya kwenda na kurudi bure.

Hesabu ya rampu

Kipimo kinachotumiwa katika nchi nyingi ni 1 kwa 12. Maana yake, kila sentimita 1 ya kimo inahitaji angalau sentimita 12 za urefu wa rampu. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji rampu ya sentimita 180. Ngazi mbili za kimo hicho zinahitaji mita 3.6, na tatu zinahitaji mita 5.4.

Hesabu hii inaonyesha kwa nini ubao mfupi uliolazwa juu ya ngazi tatu si rampu bali mtego. Mteremko ukiwa mkali, kiti kinaweza kupinduka nyuma wakati wa kupanda, au kumponyoka anayekisukuma wakati wa kushuka. Pasipo nafasi ya mita 5.4 kwenda mbele, rampu inaweza kukunjwa, na penye kona pawekwe sehemu tambarare ya kupumzikia na kugeukia. Hilo nalo likishindikana, utafutwe mlango mwingine ulio chini zaidi.

Jengo likiwa la kale, inafaa rampu ya mbao au chuma inayosimama yenyewe bila kutoboa ukuta wala kubomoa ngazi. Ikihitajika kuondolewa kesho, jengo litabaki kama lilivyokuwa. Jengo lililotangazwa kuwa turathi halibadilishwi kabla ya kupata idhini. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inahusu mambo hayo.

Mlango, meza na choo

Kiti cha kawaida cha kusukumwa kwa mikono kina upana wa takriban sentimita 60 hadi 70. Mlango wenye nafasi ya sentimita 80 hukiruhusu kupita bila vidole vya mwenyewe kukwaruzwa. Katika miji ya kale ya pwani, kama Lamu, ambayo iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, milango mingi ya kuchongwa ina mbawa mbili. Mara nyingi ubawa mmoja tu ndio hufunguliwa. Kabla ya kumwita seremala, fungua wa pili, kisha upime tena. Kizingiti hakihitaji kukatwa. Kabari ya mbao kila upande inaweza kutosha.

Ndani, kiti kinahitaji duara la mita 1.5 ili kigeuke. Si lazima mkahawa mzima uwe hivyo, ila njia ya kufika mezani na chooni. Meza nayo iwe na uwazi wa kama sentimita 70 chini yake ili magoti yaingie. Meza za chai zilizo fupi humlazimisha mgeni kukaa mbali na kikombe, akipakata sahani. Mwenye mkahawa aondoe kiti kimoja cha kawaida ili mgeni aketi pamoja na wenzake, si kwenye ujia ambako wahudumu wanapita na birika za moto.

Choo ndicho kipimo cha mwisho, na ndicho kinachosahaulika zaidi. Kinahitaji nafasi ya kiti kukaa kando ya sinki la choo, vishikio imara ukutani, na mlango unaofunguka kwa nje, maana ukifunguka ndani huziba na kiti. Choo hicho kisigeuzwe stoo ya ndoo, mafagio na kreti za soda.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kufika kwa kiasi kinachofaa mahali pote, katika usafiri wa umma na kwenye habari. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025 imechukua nafasi ya ile ya mwaka 2003. Kwa hiyo rampu na choo si hisani ya mwenye hoteli.

Leseni za biashara na mipango ya ujenzi ni miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Wakati mzuri wa kuzungumzia mlango ni kabla ya ramani kupitishwa, kwa kuwa kuchora rampu kwenye karatasi ni rahisi kuliko kubomoa saruji. Wakazi pia wanaweza kulieleza jambo hili katika vikao vya ushirikishaji wa umma kuhusu bajeti na mipango ya kaunti.

Zoezi la kikundi

Kikundi cha wakazi, shule au chama kichague hoteli moja ya zamani katika wadi yake, kiombe ruhusa ya mwenyewe, na kiende na tepu, daftari na mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Mtumiaji wa kiti ndiye aongoze, kwa kuwa anajua kinachomzuia.

1. Pimeni kimo cha ngazi zote za mlangoni, mjumlishe, kisha mzidishe kwa 12. Je, nafasi ya rampu ipo?
2. Pimeni mlango wa mbele na wa choo. Upi haufiki sentimita 80?
3. Andikeni mambo matatu yanayoweza kurekebishwa wiki hii bila fedha, kama kuhamisha meza, kufungua ubawa wa pili au kuondoa kreti chooni.
4. Mpeni mwenye hoteli nakala ya vipimo. Apigiwapo simu na mgeni, atakuwa na jibu la kweli.