Bakuli la Paka na Afya ya Nyumba
Kijitabu kwa familia za Maskati

Baada ya chakula cha mchana mama anakusanya miiba ya nguru, wali uliobaki na mchuzi kidogo, anavitia kwenye sahani kuukuu nyuma ya jiko, na paka wa mtaa watatu wanne wanamjia mbio mikia juu. Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi za Waswahili hapa Maskati, iwe Al Khoud au Ruwi, na ndivyo ilivyokuwa kwa bibi zetu Unguja na Pemba. Ni huruma ya kweli. Kila mtoto aliyepita chuoni anaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Kwa kuwa huruma ipo, tuitazame hiyo sahani: imo humo afya ya mnyama, na mara nyingine afya ya watoto wetu pia.

Samaki

Imani iliyoshika mizizi kuliko zote mwambaoni, na hapa Matrah vilevile, ni kwamba samaki ndiyo chakula cha paka. Paka anampenda samaki, hilo halina ubishi. Lakini paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa nchi kavu, aliyeishi kwa panya na ndege. Mwili wake haukuumbwa kuishi kwa samaki mtupu.

Chukua jodari, ambaye soko la Matrah halimkosi. Paka akilishwa jodari wiki nenda wiki rudi, wingi wa mafuta ya samaki na upungufu wa vitamini E huyafanya mafuta ya mwilini mwake yavimbe, yawe magumu na ya njano. Paka aliyekuwa akipenda kupakatwa anaanza kulia ukimpapasa tumbo au mgongo. Haruki tena dirishani, ana homa, anakataa kula. Nyumbani watu husema amegongwa na gari au amepigwa na watoto, kumbe ni bakuli lake.

Samaki mbichi ana lake. Baadhi ya samaki, wakiwemo jamii fulani za dagaa, wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Paka anayekula hao kila siku huanza kuyumba, kichwa kinamwinamia mpaka kidevu kinagusa kifua, kisha degedege. Akiwahiwa na daktari wa wanyama akapigwa sindano ya vitamini hiyo, mara nyingi hupona haraka. Moto huharibu kimeng'enya hicho, kwa hiyo mpikie. Kipande kidogo kisicho na miiba, chumvi wala bizari, mara moja au mbili kwa wiki, ni tunu nzuri. Papa mkavu na ng'onda vina chumvi nyingi mno kwake.

Maziwa, nyama tupu na maini

Maziwa ya ng'ombe si chakula cha paka mkubwa. Akishaachishwa ziwa, uwezo wake wa kusaga sukari ya maziwa hupungua, na matokeo yake huyaona anayesafisha sakafu. Mtoto wa paka aliyekosa mama hupewa maziwa maalumu ya unga yanayouzwa maduka ya wanyama.

Nyama ndiyo asili yake, lakini mnofu mtupu haumtoshi. Paka-mwitu alimla panya mzima: nyama, mifupa, moyo na maini. Mnofu una fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana, na mtoto wa paka au wa mbwa anayekuzwa kwa minofu ya kuku peke yake mifupa yake hulainika, hata kuruka kutoka kitini kukamvunja mguu. Maini nayo, ambayo wengi tunadhani ni dawa, yakiwa chakula cha kila siku humjaza vitamini A mpaka pingili za shingo zikaota mfupa na kugandana. Paka wa namna hiyo hashindwi kula, anashindwa kugeuza kichwa ajilambe.

Kuna kitu kiitwacho taurini ambacho mbwa kwa kawaida hujitengenezea mwilini na paka hawezi kujitengenezea cha kumtosha. Akikikosa, moyo hutanuka na kulegea, na macho hupofuka. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walieleza katika jarida la Science kwamba paka wenye moyo uliotanuka walikuwa na upungufu wa taurini, na kwamba walipoongezewa, mioyo yao ilipata nguvu. Paka hao walikuwa wakila vyakula vya kiwandani, na viwanda vikalazimika kuongeza taurini. Ndiyo sababu chakula cha mbwa hakifai kuwa chakula cha paka, hata kama mfuko wake ni nafuu zaidi.

Kwa familia isiyo na muda wa kupima na kuchanganya, chakula kamili cha paka, kilichoandikwa hivyo kwenye mfuko, ndicho salama zaidi. Paka wa ndani wa kilo 4 anatosheka na takriban gramu 50 hadi 60 za chakula kikavu kwa siku. Pima, bakuli lisilokauka ndilo linalonenepesha. Na ukimbadilishia chakula, changanya cha zamani na kipya kwa siku 7 hadi 10. Usiseme "akiona njaa atakula tu." Paka, hasa mnene, akishinda siku mbili tatu bila kula, mafuta hujaa kwenye ini lake na anaweza kufa.

Sikukuu na mbwa

Hapa naomba msomaji atulie. Idi ya Mfunguo Tatu tunachinja mbuzi na kondoo, siku ya pili mishkaki, siku ya tatu shuwa linafukuliwa shimoni. Wenye mbwa wa kulinda shamba au mifugo huwatupia mapafu, maini mabovu na utumbo, vibichi. Tunaona tumefanya wema na hatukuharibu kitu.

Ukipasua ini au pafu ukaona lengelenge jeupe lililojaa maji safi, dogo kama zabibu au kubwa kama ndimu, simama. Ndani yake mna mbegu za tegu mdogo sana, wa milimita 3 hadi 6. Mbwa akilila lengelenge hilo, tegu wanakua utumboni mwake bila yeye kuonyesha dalili, na baada ya wiki 6 au 7 mayai yanatoka na choo chake, yanashika kwenye manyoya, udongoni na kwenye mboga. Mtoto anamkumbatia mbwa, anatia kidole mdomoni. Lengelenge lile lile linaota kwenye ini au mapafu ya mtoto, polepole, miaka mingi kabla halijajulikana, na huenda likahitaji upasuaji. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako watu na mbwa huishi karibu mno, ni miongoni mwa sehemu zilizoumizwa zaidi na ugonjwa huu duniani, na tangu miaka ya 1980 shirika la afya la AMREF limepambana nao huko.

Chinja kwenye machinjio ya manispaa, ambako nyama hukaguliwa. Ukichinjia shambani, viungo vyenye malengelenge vichome moto au vifukie shimo refu asiloweza mbwa kulichimbua. Viungo vingine vichemshe vizuri kabla ya kumpa. Muulize daktari wa wanyama ratiba ya dawa ya tegu, prazikwanteli. Kunawa mikono ni kwa nyumba nzima.

Mifupa iliyopikwa, ya kuku hasa, huvunjika ncha kali na kutoboa utumbo. Kitunguu maji na kitunguu thomu huharibu damu ya paka na mbwa, na kupika hakuondoi sumu hiyo, kwa hiyo mabaki ya shuwa na mchuzi si yao. Zabibu za kwenye wali wa kabuli zinaweza kuua figo za mbwa. Kamwe usimsagie paka Panadol kwenye chakula: kidonge kimoja kinatosha kumuua.

Mama mjamzito

Wengi huambiwa wamfukuze paka mimba inapoingia. Si lazima. Vimelea vya toksoplasma paka huvipata kwa kula panya au nyama mbichi, na anapoambukizwa mara ya kwanza huvitoa na choo kwa wiki moja hadi tatu. Choo hicho huhitaji siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza. Basi paka asilishwe nyama mbichi, mchanga wake uzolewe kila siku na mtu mwingine, na mama mwenyewe aepuke nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa.

Maji na joto

Mwezi wa Julai chakula chenye majimaji kikiachwa uani kinaharibika upesi. Kiondoe baada ya nusu saa. Kinachobaki kinaita panya na mende. Maji yakae kivulini, yabadilishwe asubuhi na jioni. Paka kwa asili hunywa kidogo, na anayekula kikavu tu ahamasishwe kwa chakula chenye majimaji mara moja kwa siku.

Paka dume akichuchumaa mchangani tena na tena, analia, na mkojo hautoki, njia imeziba. Mpeleke kwa daktari saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.