Gari Linalojiendesha: Tuliamini au Tulitegemee?

Tukipanda basi tunamkabidhi dereva uhai wetu, ingawa mara nyingi hatumjui hata jina. Leo, katika miji ya Phoenix na San Francisco nchini Marekani, abiria hupanda teksi ambayo kiti cha dereva ni kitupu. Je, ni nini hutokea katika akili ya mtu anapoiamini mashine?

1. Jina na sauti huongeza imani

Mwaka 2014 wanasaikolojia Adam Waytz, Joy Heafner na Nicholas Epley walichapisha utafiti uliotumia kifaa cha kuigiza uendeshaji. Kundi moja liliendesha gari la kawaida. La pili lilipewa gari linalojiendesha. La tatu lilipewa gari kama hilo la pili, ila liliitwa Iris na lilisema kwa sauti ya kike. Kundi la tatu lililiamini gari zaidi kuliko la pili. Uwezo wa gari ulikuwa uleule. Basi imani yetu haifuati uwezo wa kitu tu, bali hata sura tunayokivisha.

2. Kosa la mashine hukumbukwa zaidi

Kuna pia kasoro ya upande wa pili. Mwaka 2015 Berkeley Dietvorst na wenzake walionyesha kuwa watu wakishaiona programu ya kompyuta ikikosea katika kutabiri, huiacha na kumchagua binadamu, hata kama wameona kwamba binadamu hukosea zaidi. Utafiti huo haukuhusu magari, lakini unatusaidia kuelewa kwa nini ajali moja ya gari linalojiendesha hututia hofu kuliko ajali nyingi tulizozizoea.

3. Funzo la Tempe

Tarehe 18 Machi 2018, usiku, huko Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akisukuma baiskeli. Mitambo ilimtambua kama kitu kilichopo mbele sekunde zaidi ya tano kabla ya kumgonga, lakini haikuelewa kuwa ni mtu anayevuka. Msimamizi aliyewekwa garini ili kuingilia kati alikuwa akitazama simu. Wachunguzi walitaja uzembe wake, na pia udhaifu wa kampuni katika kuwasimamia wafanyakazi wake. Mashine inayofanya vema siku nyingi humlaza mlinzi wake usingizi.

4. Kuamini na kutegemea

Lugha yetu inatusaidia kupambanua. Rafiki anayetunza ahadi tunamwita mwaminifu. Jembe imara hatuliiti hivyo, twasema ni la kutegemewa. Uaminifu unadai dhamiri na hiari: mwaminifu angeweza kutusaliti, naye akachagua kutotusaliti. Gari halichagui, wala haliwezi kutubu. Kwa hiyo halibebi lawama. Lawama hubaki kwa aliyelibuni, aliyeliruhusu barabarani na aliyepewa kazi ya kulisimamia.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, akieleza sehemu za fadhila ya busara, anataja kumbukumbu, kuona mbele na tahadhari. Mwenye busara haikatai mashine kwa woga, wala haipi heshima ya rafiki. Huuliza: imepimwa wapi? Ikishindwa, nani atawajibika?

Maswali ya kutafakari

1. Ni chombo gani unachokitegemea kila siku bila kukichunguza?
2. Mashine ikimdhuru jirani yako, ungemtafuta nani ajibu, na kwa nini?