Godoro: uliza uzito kabla ya unene

Ukinunua godoro la sponji, anza na densiti, maana inchi 10 za sponji nyepesi hubonyea kabla ya inchi 8 za sponji nzito.

Usiridhike na maandishi ya kwenye kava. Omba lipimwe kwenye mizani. La futi 5 kwa 6, inchi 8, lenye densiti ya kilo 25 kwa mita ya ujazo, hukaribia kilo 14. Mizani ikisoma 8 au 9, liache hata ukishushiwa bei. Utaambiwa zito ni ghali. Ni kweli, lakini jepesi likifanya shimo kiunoni utanunua tena. Wala usikimbilie gumu kama ubao kwa ajili ya mgongo: utafiti wa Hispania uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2003 ulionyesha kuwa wenye maumivu sugu ya kiuno walipata nafuu zaidi kwenye godoro la ugumu wa wastani. Lijaribu dukani kwa kulala ubavu: bega lizame kidogo, kiuno kisining'inie.

Nyumbani, kagua chaga. Zikiachana mno, hata godoro bora litabonyea hapohapo. Na ile nailoni ya dukani ivue siku ya kwanza, kwani inazuia jasho kukauka.